Mvua ya Siku ya Idi

Shemeji mpenzi,

Hilo "mpenzi" nimeliandika kwa kuwa dada yangu ataisoma barua hii kabla yako, nami sitaki aanze kulia mapema. Wewe usilitilie maanani.

Nimepata salamu zako alizoniandikia yeye. Anasema huko bara mlikohamishiwa hamjambo, na unataka kuwafundisha watoto wa shule yako kupima mvua. Unaniomba nikutumie ile bilauri ndogo ya kupimia, yenye mistari, maana huko haipatikani. Nilicheka, shemeji. Nilicheka peke yangu chumba cha walimu mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulipoletwa hapa Temeke hukuwa na hata kitanda, ukalala kwangu miezi mitatu. Shule haikuwa na chombo chochote cha sayansi, ila picha moja ya moyo iliyoliwa na mchwa. Tukampelekea fundi bati debe la mafuta ya taa, akatukatia faneli, tukaisimamisha juu ya chupa nyuma ya darasa. Mwanzoni tulipima kwa karatasi tuliyoichora mistari na kuibandika kwenye chupa, mpaka dresa wa zahanati aliponipa ile bilauri. Na siku ulipowasha balbu ya tochi kwa nyaya mbili, darasa la nne zima lilipanda juu ya madawati. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwalimu. Ndiyo maana nilipomwona dada yangu anakutazama sikumkataza.

Kila siku saa tatu asubuhi nilitoka na watoto, tukamimina maji ya chupa kwenye bilauri, tukasoma, tukaandika. Niliwafundisha jambo moja tu: usiandike ambacho hukukiona. Kama hakuna tone, andika sifuri. Nilitoka nikiwa na homa. Nilitoka hata asubuhi tuliyomzika mama, kisha ndiyo nikaenda makaburini. Wewe ulibaki mlangoni ukisema viatu vyako vitaloa.

Halafu mwalimu mkuu akatusomea ile barua ya ofisi ya elimu. Inakupongeza wewe, kwa jina lako, kwa miaka mitatu ya kupima mvua bila kukosa siku. Inspekta angekuja kuona kazi yako, akiridhika ungepewa nafasi ile moja ya kwenda kusomea ualimu wa sayansi. Ulikuwa umenakili daftari langu lote kwa ule mwandiko wako mzuri, ukaitia nakala sahihi yako na kuwaandikia ofisini kuwa ni kazi yako. Nilikutazama. Ukainama ukafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Sikukuumbua pale pale, kwa ajili ya dada yangu na ujauzito wake. Jioni uliniambia, "Shemeji, si yote ya nyumba moja?" Hapo ndipo nilipoapa utanitambua.

Nilinunua daftari jingine. La kweli nikalificha sandukuni kwangu, hilo jipya nikaliacha mezani pale ulipozoea kunakili, nami nikaandika humo vipimo vya kweli kila siku, ila siku moja tu. Idi ile ulikuwa umepanda treni kwenda kwenu Morogoro. Siku ya Idi Mosi nikaandika inchi mbili na nusu. Kabla ya hapo sikuwahi kuandika uongo juu ya mvua. Uliporudi ulinakili. Hukumwuliza mtu hata mmoja.

Siku ya Inspekta ulivaa tai. Akakuuliza mbele ya darasa la nne ni siku gani mwaka ule ilinyesha kuliko zote. Ukafungua daftari, ukasoma ile tarehe na inchi zake kwa sauti ya muadhini. Mwanahawa, yule wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, si ndiyo ilikuwa Idi Mosi? Mbona watu walisali uwanjani? Mie gauni langu jipya lilijaa vumbi!"

"Vumbi?" akauliza Inspekta.

"Vumbi tupu, bwana!" darasa zima likajibu.

Temeke nzima inajua kuwa mvua ikinyesha Idi husaliwa msikitini. Mtoto mdogo anajua. Wewe ukasema, "Labda ilinyesha upande wa shule tu," na watoto wakaangua kicheko. Nikaleta daftari langu la kweli. Idi Mosi: sifuri.

Mafunzo nilikwenda mimi, nikarudi hapa hapa; wewe ukahamishwa. Dada yangu alipopanda treni hakunipa mkono. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, na lawama yake naitua kichwani kwako. Lakini nikiambiwa nirudie, narudia. Hapa shuleni mtoto akiandika jibu bila kupima, wenzake humwambia, "Hiyo mvua ya Idi." Wengi wao hawakukuona kabisa, ila aibu yako wanaijua.

Barua hii nimewasomea walimu na darasa la nne kabla ya kuifunga. Ulichukua kazi yangu kwa siri, mimi nakujibu hadharani.

Kifurushi kinakuja nayo. Usitafute bilauri humo. Ni lile daftari nililokutegea, na nusu yake bado ni kurasa tupu. Chukua chupa, chora mistari yako mwenyewe kwenye karatasi, utoke nje saa tatu na viatu vyako. Usipokuta tone, andika sifuri. Ukijaza mwaka mzima, niandikie. Nitapanda treni niilete bilauri kwa mkono wangu, nimwombe na dada yangu anipe wake.

Ila sitaanza kwa kulisoma daftari lako. Nitaanza kwa kuwauliza watoto wa darasa lako.

Ni mimi shemeji yako,
ninayetoka nje kila siku saa tatu.