Namba Moja Iko Upande wa Mkanda

Jumatatu, 12 Mei

Chuo cha Kurani kimetoka saa nne. Watoto wameondoka, nimevaa kanzu mbovu, nimerudi kwenye boneti ya gari yetu. Mkanda mpya wa taimingi nimeshaufunga. Alama ya juu imekaa, ya chini imekaa. Plagi nne nimezisafisha, nyaya zake nimezirudisha kwa namba zilizochapwa juu yake. Nikawasha. Gari ikapiga chafya, ikatema moto kwa juu, kimya.

Alhamisi Bi Mize, mama mkwe wangu, anatolewa mtoto wa jicho hospitali ya Chake. Madaktari wageni wapo siku hiyo tu. Nyonga yake haiwezi kupanda gari za abiria. Nimemwambia asihangaike, nitampeleka mie.

Jumanne, 13 Mei

Mkanda nimeufungua mara tatu. Alama sawa. Chafya ile ile.

Riziki, mke wangu, alitoka na futi ya kushonea shingoni. Cherehani yake huitengeneza mwenyewe. Anasema sindano ikishuka na ndoano haijafika, uzi haukamatiki; pengine na gari ina kitu kisichofika kwa wakati wake. Nikamwambia hii gari, si kanzu za watu. Akarudi ndani. Nimefanya ujinga na najua.

Jumatano, 14 Mei

Bi Mize kashatandaza buibui la kesho kitandani. Nikamwita Riziki. Sikuomba radhi, nilisema tu hebu njoo.

Mwanamke huyu, mashaallah! Hakukimbilia mkanda. Alichomoa plagi ya karibu na mkanda, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniamuru nizungushe injini kwa spana, taratibu. Upepo ukamsukuma kidole. Akasema basi, simama hapo. Alama zote mahali pake. Akafungua kifuniko cha distribyuta, kile kigawa moto, kuona moto unakwenda waya upi, akaufuata kwa mkono. Ukaishia plagi ya mwisho, kule.

"Upepo uko huku, Maalim, moto unaupeleka kule. Ulihesabu kutoka wapi?"

Kutoka kulia. Miaka ishirini naandika Kiarabu ubaoni kutoka kulia, na plagi nikazihesabu vivyo hivyo. Namba moja iko kushoto, upande wa mkanda. Khaa!

Tumegeuza nyaya. Ikawaka mara moja. Riziki kacheka mpaka kakaa chini. Sijapata kuona akili iliyotulia vile, na nimelala nayo nyumba moja miaka yote hii.

Alhamisi, 15 Mei

Tumefika Chake mapema. Bi Mize katoka na bandeji jichoni. Kurudi nyumbani Ole, jirani kanipa mkono, kaniita fundi. Nikaipokea sifa isiyo yangu. Nimejichukia.

Ijumaa, 16 Mei

Tumerudi hospitali asubuhi, bandeji imetolewa. Bi Mize katazama dirisha, kisha kaishika mikono ya mwanawe. Kucha nyeusi tii kwa oili. Akahamaki, nani kamtia mtoto wake kwenye uchafu huu na mume yupo?

Riziki akafungua mdomo kunisitiri. Nikamuwahi. Nikasema nilikosea mie, mama, gari kaitengeneza yeye.

Bi Mize alizitazama zile kucha tena, moja moja, na hakumwachia mikono mpaka nesi alipotuita.