Babu Bado Yuko Getini

Kwa Ntuli,
Nyuma ya Zahanati,
Jozini.

9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Vukani,

Pokea salamu zetu za asubuhi na za jioni pamoja, maana sijui barua hii itakufikia saa ngapi huko Saskatoon. Hujambo? Lile goti bado linakusumbua? Na huko sasa ni joto, au nimechanganya tena? Huku tunaota moto tangu wiki iliyopita. Mimi ni mzima, ila macho yanataka miwani mipya. Shangazi Ntombifikile mdomo wake ni mzima kabisa, lakini miguu imemgomea. Kutoka kitandani hadi kibarazani sasa anashikwa mkono, na akishikwa anagomba.

Nakuandikia kwa sababu ya safari ya Emthonjeni. Ulisikia kwamba mwaka jana tulikwenda huko kumchukua Babu, na bila shaka ulidhani yamekwisha. Hayakwisha. Tunapanga kurudi mwishoni mwa Agosti, kabla mvua haijajaza mto, na wewe unahusika.

Kwanza nikwambie habari za mahali penyewe. Mimi nilizaliwa baada ya wazee kuhamishwa kwa malori, kwa hiyo nilikuwa sijapaona kamwe. Palipokuwa na zizi la Babu wanalala punda milia. Kisima chake kimekuwa bwawa la tembo. Wageni wanatoka ng'ambo kuja kulala kwenye mahema, kwa hiari yao, na asubuhi wanaamshwa kabla ya jua waende kutazama kinyesi cha simba. Nilitamani sana kumuuliza mmoja wao kama kwao hakuna kitanda.

Kaburi lipo. Ni rundo la mawe vilevile kama Baba alivyokuwa akisimulia, ila upande mmoja mawe yameng'aa, kwa kuwa kuna kifaru anakuja kujisugua pale. Nilimuuliza msimamizi wa hifadhi, Bi. Marlene, kama kifaru anajisugua popote au anachagua. Akasema anachagua, na akishapapenda haendi kwingine. Toka siku hiyo nawaza ni kitu gani alikipenda kwa Babu.

Bi. Marlene si mtu mbaya. Alituruhusu kukata tawi la mphafa, ule mti wa kusafirishia roho za wazee, ingawa kwa kanuni zao hakuna kuondoka na hata jani. Alitupa gari la wazi na mwongozaji mwenye bunduki. Kitu kimoja tu alikikataa, nacho ni chungu cha pombe, kwa sababu tembo wangeinusa na kutufuata. Shangazi alisema tembo wa enzi zake walikuwa na adabu.

Mambo yalikwenda vizuri, Vukani. Mbeba tawi alikuwa Bhekumuzi, mtoto wa baba mdogo, kwa vile ndiye mwanamume mkubwa kwetu aliyekuwapo. Alilaza tawi juu ya mawe, akapiga magoti, akamwita kwa jina la sifa la ukoo wetu, akasema, "Mphemba, ni sisi wajukuu. Inuka twende nyumbani, watu wako wanakungoja." Nililia. Hata mwongozaji alivua kofia. Tawi tukaliwekea kiti chake peke yake, na Bhekumuzi akawa anamweleza Babu njia nzima: hapa tunavuka maji, Babu, shikilia, hawa ni twiga tu, usiogope, hapa ndipo ulipokuwa unafuga.

Unamjua Bhekumuzi. Yule anaongea hata akiwa anapiga mswaki. Lakini alijizuia. Alimnyamazia Shangazi, akaninyamazia mimi, akaunyamazia hata ujumbe wa simu uliokuwa unalia mfukoni. Akawa anasema na Babu peke yake, inavyopasa, maana mbeba tawi haruhusiwi kumjibu aliye hai, asije akamwacha mzee njiani, mpaka tukafika getini.

Mlinzi wa geti anaitwa Mthethwa, mtu wa makamo, mpole, amenyooka kama anahudhuria ibada. Akatoka kibandani na kofia mkononi, akasema, "Karibuni wakubwa zangu, poleni na jua. Vipi, simba mmewaona?"

Na Bhekumuzi, mbeba tawi, akaitikia kwa sauti ya stendi, akimwita mlinzi kwa jina la sifa la ukoo wake: "Tumewaona, Nyambose! Wawili, wamelala chali kama mabwana harusi!"

Shangazi aliweka mikono kichwani.

"Bhekumuzi! Umemshusha Baba!"

"Shangazi, ni salamu tu! Nisingeitika angeniona sina adabu."

"Angekuona una akili! Sasa umemwacha baba yangu hapa, na fisi!"

Ilikuwa lazima mwongozaji arudi, jua lilikuwa linazama, na hatukuwa na ruhusa ya kukata tawi jingine. Shangazi akaamua tawi libaki pale alipobaki mwenyewe. Tukalichomeka kwenye uzio kando ya kibanda, tukarudi nyumbani na kiti kitupu. Mbuzi wa kumpokea alikuwa ameshafungwa nje ya nyumba ya Bibi, akilia. Tulimfungua akarudi kundini. Muda mfupi baadaye mvua zikaanza, mto ukafunga njia, na Babu yuko getini mpaka leo.

Ninalotaka kukusimulia zaidi ni habari za huyu Mthethwa. Alipoelewa alichofanya aliniomba namba ya simu. Tangu hapo ananipigia simu kila Jumapili: "Dada, mzee hajambo." Anamwekea ugoro kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Akifungua geti anamwamkia, akilifunga anamuaga. Wageni wakimuuliza anazungumza na nani, anawajibu kwamba anamsalimu mwenye shamba. Walitaka kumhamishia geti la kaskazini, ambako kuna umeme, akakataa. Anasema yeye ndiye aliyemchelewesha mzee, hawezi kumwacha peke yake barabarani.

Sasa hapa nyumbani kuna ubishi. Tuanzie wapi, kaburini au getini? Shangazi anasema getini, kwa kuwa ndiko alikoshukia. Baba mdogo anasema mtu akiachwa njiani hurudi alikotoka, hivyo tuanzie kaburini. Mimi nimependekeza tumwite kaburini, na tukifika getini tumwite tena, asije akasema tulimpita. Wewe unaonaje? Na nina swali jingine ambalo sithubutu kumuuliza Shangazi: huenda Babu amepazoea pale? Kuna gumzo, kuna ugoro, kuna mtu wa kumsalimu. Kaburini alikuwa na kifaru tu.

Lakini Shangazi hana muda wa maswali yangu. Amekwisha kuonyesha mahali anapotaka kuzikwa, nyuma ya zizi, karibu na mama yake, na katikati ameacha nafasi ya Babu. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Zibuyile, nikitangulia mimi, nitamwambia nini mama yangu? Kwamba mumewe yuko getini?" Daktari wa zahanati ananiambia nisimsafirishe mbali, naye anasema atasafiri, hata abebwe kama gunia.

Ndipo tukakaa kuamua nani atabeba tawi safari hii. Bhekumuzi alijitolea, watu wakaangalia pembeni. Baba mdogo ana kikohozi, na akikohoa anaomba radhi kila mara. Vijana wana simu zao. Kila aliyetajwa, Shangazi alikumbuka siku aliyoropoka. Ukoo mzima wa wasemaji! Mwishowe akauliza, "Yule asiyejibu hata barua yuko wapi?"

Tulicheka, Vukani, tukacheka mpaka Bhekumuzi akafuta machozi. Kisha kicheko kikaisha, tukaona kwamba hakuwa anatania.

Sikufichi, nimekukasirikia. Tangu tumzike Baba, neno letu kwako ni barua na lako kwetu ni "nipo". Nilijiuliza kama ni kazi, au mke, au ni sisi. Nimekuwa nikiwaambia watu una shughuli nyingi. Lakini nakumbuka pia ulivyokuwa mtoto, mwalimu alivyokuita bubu, na Baba alivyomjibu kwamba huyu anatunza maneno yake kwa siku atakayoyahitaji. Na Baba ndiye aliyetaka kumrudisha Babu, akafa hajafanya.

Tarehe ya gari ni ishirini na sita Agosti. Bi. Marlene amekwisha kuandika jina lako kwenye orodha ya geti, maana Shangazi alimpigia simu kabla ya kuniambia mimi. Lete koti, kule alfajiri kuna baridi hata kwa mtu wa theluji.

Shangazi anakusalimu na anauliza unakula nini. Baba mdogo anakusalimu, Bhekumuzi pia, na anasema atakaa nyumbani amshike mbuzi. Mungu na wazee wetu wakufungulie njia ya anga na ya nchi kavu.

Mthethwa ameahidi kwamba tukifika atajifungia kibandani. Lakini ni mtu wa adabu, anaweza kusahau akatoka na kofia mkononi akusalimu. Usimwitikie, kaka. Mpite tu, useme na Babu. Hata barua hii usiijibu. Njoo.

Ni mimi dada yako akupendaye, nikikasirika na nisipokasirika,

Zibuyile