Baba Hakulima Mwaka Huu

Kitale, Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi na kanisani sikwenda.

Nimekasirika. Nimefua nguo kwa hasira, nimesonga ugali kwa hasira ukaungua, na sasa nimekuja dukani kuwasha kompyuta ya bosi ili niandike, kabla sijamtusi mtu ambaye hajanikosea.

Mimi huuza mbegu. Tangu mwezi wa pili nimesimama kwenye kaunta ya duka la agrovet hapa mjini, nikiwaambia wakulima wapande lini na waweke mbolea kiasi gani. Mwezi wa tatu nilimtumia baba mbegu na mifuko miwili ya mbolea huko nyumbani Kabuchai. Akanipigia simu kushukuru. Akasema mvua ni nzuri.

Jana nilienda nyumbani bila kuwaarifu. Kila shamba nililopita lilikuwa na mahindi ya kufika magotini. La kwetu lilikuwa na nyasi.

Nyasi tu.

Nilidhani kuna mtu amekufa nami sikuambiwa. Mama alikuwa jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Ndipo akasema baba aliuza mbegu na mbolea yote kwa jirani wiki ile ile zilipofika, pesa akazipeleka kwa wale watu wa kompyuta. Ati hakuna haja ya kulima mwaka huu. Ati watalipwa kabla ya palizi.

Wacha nieleze ilivyoanza, kwa sababu mimi ndiye niliyeanzisha.

Baba alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilipofungwa, waliambiwa warudi baada ya wiki mbili kuchukua kiinua mgongo. Huu ni mwaka wa nne wanarudi. Walienda kortini, faili ikapotea. Ilipopatikana, wakili alikuwa amehama. Mwaka juzi nikampeleka kwenye saiba moja ya intaneti mjini Bungoma, nikamfungulia barua pepe ili yeye na wenzake waandikiane kuhusu kesi. Nilimshika mkono nikamwonyesha jinsi ya kusogeza mausi. Nilijivunia sana. Mzee wa miaka sitini na mmoja, anajitafutia habari mwenyewe!

Alianza na kesi. Halafu yakaja mengine. Ile mistari myeusi kwenye pakiti ya biskuti ni alama ya yule mnyama wa Ufunuo. Mwezini hakuna aliyewahi kufika. Dunia inaendeshwa na familia kumi na tatu zinazokutana kwa siri, na hizo ndizo hufunga viwanda. Alizichapisha habari hizo akazipanga kwenye faili, na nyingine akanitumia mimi kwa barua pepe. Nilicheka. Niliwaambia wenzangu dukani kwamba baba amekuwa nabii. Baadaye nikawa nazifuta bila kuzifungua.

Kisha zile familia zikawa na dhahabu. Dhahabu ya wafalme wa zamani, iliyofichwa kwenye benki za Ulaya, na sasa kuna watu wema ndani ya benki hizo wanaoitoa kimyakimya iwarudie walioibiwa. Unajiandikisha, unalipa ada, unangoja Ijumaa. Ijumaa ikipita bila kitu, sababu ipo tayari: zile familia zimezuia. Kwa hiyo pesa zisipofika, baba huona huo ndio ushahidi kwamba zipo.

Nimelifikiria jambo hilo tangu jana, na nadhani nimelielewa, na kulielewa kumenikasirisha zaidi. Baba si mjinga. Baba aliibiwa kweli. Watu asiowajua, kwenye ofisi asizowahi kuingia, walichukua miaka yake na hakuna aliyemweleza kwa nini. Wa kwanza kumweleza alikuwa mwongo wa mtandaoni. Sasa mtu ambaye ameshaamini kwamba aliibiwa na watu wasioonekana, kwa nini asingoje kulipwa na watu wasioonekana? Ni hadithi ile ile, imeongezewa tu mwisho mzuri.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, faili mapajani. Huniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama, usikasirike," akasema. "Iko karibu. Ijumaa hii."

"Ijumaa ngapi sasa, Baba?"

Akafungua faili anionyeshe, na hapo nikaona fomu zingine. Tisa. Majina ya akina mama wa kanisani, pamoja na Mama Wafula, jirani yetu mjane aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Baba ndiye aliyewaandikisha. Hakutaka wabaki nyuma.

Nilimpigia kelele baba yangu. Nilimwita mwizi.

Kelele zikamleta Mama Wafula mbio kutoka kwake. Aliponiona akafurahi. "Nasimiyu! Umetuletea habari? Pesa imeingia?"

"Mama, hakuna pesa. Haijawahi kuwako. Mmedanganywa."

Nilitarajia amgeukie baba. Alinigeukia mimi. "Wewe uko na mshahara huko Kitale, ndiyo maana hutaki sisi tupate. Si ungenyamaza tu?" Akaondoka bila kuniaga.

Hilo liliniuma kuliko shamba.

Nikamwambia baba avae viatu, twende Bungoma anionyeshe hao watu wake. Hakubisha. Pale saiba aliandika neno la siri kwa kidole kimoja, akaniachia kiti. Barua zilijaa, nyingi hazina jina la mtu, ada hii, ada ile, haraka, leo ni mwisho. Lakini katikati yake kulikuwa na mzee mmoja wa nchi ya mbali, anaitwa Martin, anayemwandikia baba karibu kila siku. Umeamkaje? Mvua imefika kwenu? Mguu bado umevimba?

Mguu gani?

Nilitazama chini ya meza. Kiatu cha kushoto hakikufungwa kamba, kwa sababu kisingefungika. Umevimba tangu Januari. Hayo nimeyajua kwa kusoma barua alizomwandikia mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Mimi kwenye simu aliniambia yuko sawa, nami nikaridhika upesi.

Nikaanza kumwandikia huyo Martin matusi. Yote niliyoyajua. Baba akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usimtukane," akasema. "Yeye pia ameuza nyumba. Yeye pia anangoja."

Nikafuta nilichoandika. Wanaokula hizo ada sitawahi kuwaona, na aliyekuwa mbele yangu ni mzee mwingine aliyeliwa kama baba.

Tulibishana hadi mwenye saiba akatuomba tutoke. Nje, baba alikubali mambo mawili: hataandikisha mtu mwingine, na atawaambia wale akina mama yeye mwenyewe. Akatoa fomu tisa kwenye faili akanipa. Ya kumi, yake, akairudisha.

"Hii niachie, mama."

Nilimwachia. Sijui kama ni huruma au ni woga.

Mama amenipigia simu saa hii. Baba alisimama kanisani leo akawaambia wasilipe tena. Wengine walilia. Mama Wafula alisema mzee ametishwa na binti yake. Mama naye hakungoja mtu: ameshapata ng'ombe wa kulima, na kesho anaanza kupanda viazi vitamu na maharagwe. Mahindi yameshatupita.

Alhamisi nampeleka baba hospitali, apende asipende. Ijumaa nitampigia asubuhi, kabla Martin hajamwandikia, na nitamuuliza kuhusu mguu.

Kuna jambo moja sijamwambia yeyote. Ile fomu yake niliitazama mkononi mwake dakika nzima kabla hajairudisha kwenye faili. Chini kabisa kulikuwa na kiasi atakacholipwa. Nilikisoma. Halafu, nikiwa na hasira zangu zote, nikakisoma tena polepole, na nikaanza kuhesabu tungenunua nini.

Je, ningekuwa mimi niliyefungiwa kiwanda, ningelima?