Kaburi Niliyogombania Kajiado

Jackie, uko? Leo nimejiaibisha, wacha tu.

Si unajua guka wa Baba, babu yake, alienda vita ya Mjerumani na hakurudi? Nimetoka Kitengela na maua mpaka makaburi ya vita huku Kajiado, nikachagua jiwe moja halina jina, nikaamua ni yeye. Kuchagua tu, kama nyanya sokoni!

Kugeuka, mzee mmoja muuza mbuzi, Awale, ameshika jiwe hiyo hiyo. Anaombea babu ya baba yake.

Nikamwambia, "Mzee, hii ni kaburi yetu." Nilisema YETU, Jackie!

Hata hakukasirika. "Wangu ni Hamse. Wako anaitwa nani, niwaombee wote?"

Anaitwa nani! Kwetu tunasemanga tu "yule hakurudi".

Nikapigia Mum. Akacheka mpaka akakohoa. "Kui, si baba yako ndiye kifungua mimba? Unafikiri aliitiwa nani, kama si guka wake?"

Wahome.

Jackie, WAHOME, jina ya Baba! Nimetembea na jina yake kwa kitambulisho miaka yote, halafu naendesha gari mpaka Kajiado kulilia mtu asiyejulikana.