Nne ya Kumi

Mvumi, Kilosa
8 Machi 1996

Mwanangu Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mama yako mzima, miguu tu ndiyo inavimba jua likizidi. Loveth hajambo? Na mjukuu wangu Domina, meno yametoka?

Barua yako nimeisoma polepole hadi mwisho. Pole kwa kazi. Kumbe shirika lenu likiuzwa, hata kwenye nyumba za wafanyakazi mnatolewa. Umesema hapo Mikumi vikombe viligongana kidogo tu, na redio imesema tetemeko ni nne, dogo, kwa hiyo Pasaka utawaleta Loveth na mtoto wakae nami.

Deo, hata mimi hiyo nne ilinifurahisha. Nilidhani ni maksi kama za shule, nne ya kumi, nikamwambia jirani Kasian kwamba tetemeko limefeli. Akasema kama hilo limefeli, basi litakalofaulu atalisikia akiwa kaburini, maana choo chake kimelala chini.

Juzi akapita bwana mmoja mpima miamba. Nikamuuliza, nne ya Mikumi na nne ya kwetu ni moja? Akasema namba ni moja, ya tetemeko lenyewe kule chini lilikoanzia, lakini mtikisiko kila mahali panapata wake, kwa umbali na kwa udongo. Akaniambia nitikise sahani ya ugali na bakuli la uji kwa mkono uleule, nione. Mlimani kwenye mwamba ni ugali. Bondeni, kwenye mchanga wa mto uliolowa, ni uji. Akasema ardhi bado haijatulia. Tangu aondoke imetikisika mara mbili, na maji ya kisima yamekuwa tope.

Sasa nikuambie nililokuficha. Ulisema nyumba ijengwe mlimani, pale alipochagua marehemu baba yako, nami nikakujibu imejengwa. Imejengwa, lakini bondeni, karibu na mto. Nilijua tangu mazishi hujapata likizo ya kuja kuiona. Niliogopa kukaa peke yangu kule juu, bila sauti ya mtu. Ukuta wa chumba nilichowaandalia umepasuka toka linta hadi chini, mkono wangu unapita. Nilipachika kalenda ya kanisa, sasa haitoshi.

Usiwalete, baba. Njoo peke yako, unikasirikie. Mimi nalala nje, kwenye kibanda cha jikoni.

Msalimie Loveth, umpakate Domina kwa niaba yangu. Nakomea hapa, maana meza inacheza tena na kalamu haikai.

Mama yako akupendaye,
Elizabeti