Nyumba ya Kafutuma

Baba Kapinga,

Sombe iko mu sufuria, ongeza chumvi tu. Samaki yenye iko inje uiingize mbele ya mvua.

Asubuhi, pale nilikuwa nauzisha samaki ku kliniki ya Kafutuma, mama mumoja wa kwetu, mwenye hajue Kibemba, alikuwa anazaa, na nesi anasemaka Kibemba tu. Nikaingia, nikawatafsiria mpaka mutoto akalia. Nesi akaniambia: "Mama, ubakie, ufanye hii kazi."

Banatupatia na nyumba. Dirisha inaangalia ziwa, mayi inaenda mbali mpaka inakuwa mbingu. Nilisimama pale kama mutu mwenye kuota. Ni hii kinywa yangu, yenye unasemaka inasema mingi, ndiyo imetupatia nyumba.

~~Kama hautaki, ubakie kwako.~~ Mimi nimetangulia, ukuje kesho na Kapinga. Ulete mukeka, kitanda haiko.

Bibi yako