Waya wa Banda la Simbilisi

Shoga, acha nipumue kwanza.

Simbilisi wangu wa madoa, yule mnene kama kisungura, hayupo bandani! Nimemvaa jirani mwenye yale mapaka matatu: "Paka wako amenilia simbilisi!"

Akanijibu taratibu, "Pole jirani. Kwa hiyo wamebaki wanne?"

WANNE. Banda liko nyuma ya nyumba, nani kamhesabia?

Nikarudi kuangalia. Wavu mzima, hakuna damu wala unyoya. Na mlango umefungwa kwa waya wake. Umefungwa, shoga! Mimi natumia mkono wa kushoto, waya nausokota kushoto. Huu umesokotwa kulia.

Paka gani huyo anayefunga mlango akitoka?

Wanne nimewahamishia jikoni. Wewe unajua nyumba yangu haina hodi, lakini huyo akija kuomba chumvi, nitampa dirishani.